Usiniambie Ndio

Bwana Laban aliipiga ile kompyuta ya kona kofi la mgongo, vile mtu hupiga ng'ombe anayetaka kumuuza, akasema, "Hivi ni vyuma tu. Jumatatu ile lori ya kununua vyuma ikitoka Matuu inapita hapa. Zitapanda zote."

Tulikuwa tumekaa kila mmoja mbele ya kioo cheusi. Laban alikuwa mwenyekiti wa kamati, na kamati ndiyo iliyokuwa na ufunguo wa kile chumba cha nyuma ya kanisa, pale Kithimani, tulichofundishiwa kupiga taipu.

"Na wasichana wangu?" Madam Syombua akauliza.

"Wasichana wako wamejifunza vya kutosha. Kompyuta mpya zinakuja, na mpya ni za watu wa Form Four. Madam, wewe mwenyewe unajua. Mtu wa darasa la nane na kompyuta, wapi na wapi?"

Munyiva, aliyekuwa amekaa kando yangu, akaninong'oneza, "Na yake huko ofisini hajui hata kuizima. Huwa anang'oa waya." Nikamkanyaga mguu, kwa sababu Munyiva akinong'ona husikika mpaka barabarani.

Madam Syombua alikuwa amepiga taipu kortini miaka mingi kabla ya kustaafu. Kazi yake ilikuwa kusikia hakimu anasema, na vidole vinaandika kabla yeye hajafikiri. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena.

"Chairman, na zikiwaka?"

"Zikiwaka?" Laban akacheka. "Hizi zimekufa, Madam. Hata huyo wa ng'ambo aliyezileta alikuwa anatafuta mahali pa kuzizika."

"Nimeuliza, zikiwaka?"

"Haya. Kamati inakaa Jumamosi. Zikiwaka mbele ya kamati, zibaki, na hawa wasichana wabaki nazo. Zikikataa, zinapanda lori, na hawa wanaenda kwao."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema mbele ya watu."

Kwetu ni upande wa Ekalakala. Nilipomaliza darasa la nane nilikaa nyumbani mpaka watu wakaacha kuniuliza nitaenda shule gani, wakaanza kuniuliza nitaolewa lini. Kithimani nilikuja kuchuma maharagwe ya kupelekwa ng'ambo, kwenye yale mashamba ya mfereji, na kila nikitoka shambani nilipita chini ya lile dirisha nikasimama kusikiliza herufi zikigongwa. Siku moja Madam akatoa kichwa nje akaniambia, "Kama ni kusikiliza, si usikilizie ndani." Tulijifunza kwa kugonga kibodi za zile kompyuta zilizokufa, na sasa vidole vyangu vilikuwa vimefika mahali vinajua herufi bila macho. Laban aliposema twende kwetu, mimi nilisema moyoni, sitoki. Sikujua nitafanya nini. Lakini kutoka, sitoki.

Madam alikuwa na mtoto wa dada yake anayeitwa Rodgers, fundi wa kompyuta katika kiwanda kimoja Athi River, na wiki hiyo alikuwa anamalizia likizo. Alikuja na mkoba wa mgongoni na bisibisi mfukoni. Akafungua kompyuta moja, akapuliza vumbi, akachungulia.

"Aunti, hizi si mbovu. Kilichokufa ni ule mfumo wao wa zamani. Niko na mwingine hapa kwa sidii, ni wa bure, vijana wa kompyuta wanapeana tu."

Kompyuta yenye mahali pa kuingizia sidii ilikuwa moja tu, ile mpya ya ofisini kwa Laban, mlango wa pili. Laban akakubali tuitumie. Nafikiri alitaka kutuona tukishindwa kwa karibu. Ile mpya ilipokea mfumo bila shida yoyote. Kisha Rodgers akatumia waya kuupeleka kwenye zile za zamani, moja moja, akaziwasha. Kila moja iliandika mistari michache, halafu kioo kikazima, ikaanza upya. Ikaandika, ikazima, ikaanza upya. Ilikuwa kama mtu anayeitwa jina lake kwenye baraza, akiinuka anaambiwa, si wewe, kaa chini.

Munyiva akasema, "Zina kwikwi."

Rodgers akakuna kichwa. "Najua shida. Ndani ya mfumo kuna kiini, wao wanakiita kernel. Hicho ndicho kinaamka kwanza, ndicho kinaongea na chuma chenyewe. Sasa hiki cha sidii kimetengenezewa kompyuta za juzi juzi. Kinatumia maneno ambayo hizi nzee hazikufundishwa. Kikitamka moja tu, zinaanguka."

"Kwa hivyo basi?" Madam akauliza.

"Tunatengeneza kiini chetu. Mashine inauliza maswali, sisi tunajibu, halafu inapika. Ila maswali ni mengi, Aunti."

"Mengi kama ya nani?" Munyiva akauliza.

"Kushinda ya mama mkwe."

"Uui! Basi mimi nitakaa mlangoni."

Tukaketi ofisini. Madam alishika kibodi, kwa sababu hakuna mwingine angeweza kuishika akiwa pale. Mimi nilikaa kando yake kumsomea maswali, maana yale maandishi madogo yalimsumbua macho. Rodgers alikuwa sakafuni, akisafisha matumbo ya kompyuta nyingine, akijibu bila kuinua kichwa. Munyiva alikuwa mlangoni kama alivyosema.

Mojawapo ya maswali ya kwanza lilihusu kitu kinachoitwa familia ya prosesa. Nikasoma.

Rodgers akasema, "Inauliza ukoo. Ubongo wa hii mashine ni wa ukoo gani."

"Ati hata chuma iko na mbai?" Munyiva akauliza. Mbai kwetu ni ukoo, ule ambao mtu hawezi kuoa ndani yake.

"Iko. Kuna ukoo wa 386, kuna 486, halafu kuendelea juu mpaka hizi mpya."

"Na mahari inapelekwa wapi?"

"Munyiva, nyamaza kidogo," Madam akasema, lakini alikuwa anacheka.

Rodgers akaeleza kwamba ukichagua ukoo mpya, kiini kinakimbia sana, lakini kompyuta nzee hazikiwezi kabisa. Ukichagua 386, wa chini kuliko wote, kila moja inakielewa, nzee na mpya, hata ile ya Chairman. Mbio zitapungua kidogo tu.

"Na tusipochagua?" nikauliza.

"Ukibonyeza Enter bila kusema kitu, yenyewe inachukua ile mpya."

Niliyashika hayo maneno. Ukutani mbele yangu palikuwa na tangazo la Laban la wanafunzi wapya, limeandikwa kwa herufi kubwa: Form Four na kuendelea. Nikafikiri, hakuna mtu aliyekaa kwenye kiti akasema Mwongeli wa Ekalakala asiingie. Hata hawanijui. Walibonyeza tu Enter.

"Andika 386, Madam," nikasema kabla Rodgers hajafungua mdomo.

Madam akaandika, akigonga kila namba kama anayegonga mlango wa mtu anayejua yuko ndani.

Baada ya hapo yakaja mengine yaliyotaka ndiyo au hapana tu. Y kwa ndiyo, N kwa hapana, kwa sababu mashine inajua Kizungu peke yake. Mimi nasoma, Rodgers anajibu kutoka sakafuni: "No. No. Yes. No. No." Kidogo Madam akaondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Rodgers."

"Aunti."

"Mimi ni nani wako?"

Rodgers akainua kichwa. "Wewe ni mama yangu."

"Na mtu humwambia mamake No! No! kama anayefukuza kuku kwa mahindi?"

"Pole, Aunti."

"Hapa si Athi River. Nijibu vizuri."

Tangu hapo Rodgers akajibu vizuri. "Hapana, Aunti. Hapana, Aunti. Ndio, Aunti." Hapana ya kwanza ilileta kichekesho, maana Madam alibonyeza H, na mashine ikamwaga Kizungu kirefu mpaka chini, kisha ikauliza swali lile lile tena. Haikujua H ni nini, ikadhani anaomba maelezo. Madam akajicheka, akarekebisha, tukaendelea.

Tukafika kwenye swali la hesabu. Nililisoma polepole kwa sababu lilikuwa na neno refu. Rodgers akaacha bisibisi.

"Hilo ni la maana sana. Ile kompyuta ya kona imezaliwa na kipande cha kufanya hesabu. Hizi zingine hazina. Sasa kiini lazima kizifanyie hesabu chenyewe, bila hivyo hazitaamka. Ndio, Aunti."

Madam akabonyeza, swali likapita, nikasoma linalofuata. Niliona kidole chake kikienda. Nilikiona vizuri, lakini sikujua nimeona nini.

Kompyuta ya Laban ilipika ile kazi, na kiini chetu kikaingia kwenye diski moja bapa, nyeusi. Rodgers akaanza na ile ya kona. Diski ikaguruma ndani, mistari ikapita, mistari ikapita, na mwishoni pakatokea pale pa kuandika jina lako. Tulipiga kelele mpaka mwenye duka la karibu akaja kuuliza nani amejifungua. Rodgers hakungoja, akavuta waya akahamishia kwenye ile ya kona kila kitu cha kupikia, ili tusitegemee ofisi ya mtu.

Kisha akatia diski kwenye ya pili. Ikaanza vizuri. Halafu ikasimama, na chini ya kioo ikaandika kitu.

"Inasema nini?" nikamuuliza Madam.

Madam akasogeza uso, akasoma kimya, akageuka. "Inasema haina kipande cha hesabu, wala kiini hakikufundishwa kuhesabu. Halafu inasema, nimekata tamaa."

"Ati nini?"

"Imekata tamaa. Imeandika hivyo hivyo."

Ya tatu ikaandika vile vile. Ya nne pia. Kumbe Laban alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wake.

"Sasa hata zenyewe zimesema," akasema. "Mnataka ushahidi gani tena?" Akaenda akafunga ofisi yake, tukasikia kufuli.

Rodgers alikuwa anarudi kazini, shifti yake ilikuwa inamngoja. Akaweka mkoba mgongoni, akasimama kidogo pale mlangoni. "Swali la hesabu limejibiwa hapana. Sijui imeendaje, mimi nilisema ndio. Rudieni maswali kwa hii ya kona. Itawaonyesha mlivyojibu kwanza, mnasahihisha tu. Halafu iambieni ipike. Ni nzee, itachukua muda. Umeme ukipotea, ukirudi ianzisheni, itaendelea pale ilipoachia. Aunti, nisamehe, lazima niende."

Alipoondoka chumba kikawa kikubwa.

"Rodgers alisema ndio," nikasema.

"Na mimi niliandika ndio," Madam akasema.

"Labda mashine ilisikia vibaya," Munyiva akasema, lakini hakuna aliyecheka.

Nikakaa na lile jambo. Mimi si mtu wa kuongea haraka. Nikiona kitu huwa nakizungusha kwanza. Nikafunga macho nikakitazama kile kidole tena. Aliyenifundisha kupiga taipu ni yeye, kwa hivyo nilijua njia za vidole. Y na N zote ni za kidole kimoja, kile cha shahada cha mkono wa kulia. Y unakinyoosha juu. N unakivuta chini. Na pale kwenye swali la hesabu, nilikiona kikishuka.

Lakini unamwambiaje mama wa umri ule, tena mwalimu wako, kwamba kidole chake kimesema uongo?

"Madam," nikasema, "naomba uweke mikono kwa kibodi ufunge macho. Kama naota, utaniambia."

Akanitazama. Kisha akaweka mikono, akafunga macho.

"Je, wewe ndiye mwalimu wetu?" nikauliza. "Ndio, Madam. Andika."

Kidole kikashuka.

Akafungua macho, akaona N imekaa peke yake kwenye kioo. Akakiangalia kile kidole kama mtoto aliyepatikana na sukari mdomoni. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa miwani.

"Miaka yote ile kortini, nikisikia neno naanza na herufi yake ya kwanza. Ndio, N. Hapana, H. Na ni mimi niliyemwambia mtoto aniongeleshe vizuri! Angebaki na ile yes yake ya Athi River tungekuwa tunakunywa chai."

"Mbona hapana haikuharibu kitu?" Munyiva akauliza.

"H ilipigiwa kelele na mashine," nikasema. "N ilikubaliwa kimya kimya."

"Basi turudie na yes na no," Munyiva akasema. "Leo hakuna Rodgers, hatutamkosea mtu adabu."

Madam akapangusa miwani muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kizungu nimewaandikia watu maisha yangu yote," akasema. "Kesi zao, barua zao. Hii kazi si ya mtu mwingine, ni yetu. Mwongeli, usiniambie yes. Wala usiniambie ndio. Niambie ĩĩ, ya lugha yetu, neno ambalo vidole vyangu havijawahi kuliandika kortini, nami nitajua ni Y. Na kama ni kukataa, niambie aiee, nitajua ni N."

Munyiva na mimi tukaangaliana. Shuleni kwetu, ukipatikana unaongea Kikamba unavalishwa shingoni kipande cha mbao kinachoitwa diski. Unakivaa mpaka umsikie mwingine akikosea, umpokeze. Mimi nilikivaa sana. Munyiva aliwahi kulala nacho nyumbani.

"Sasa tutaiongelesha Kikamba," Munyiva akasema polepole, "halafu tuitie kwa diski?"

"Ĩĩ," Madam akasema.

Munyiva akaruka akazungushia ile diski bapa uzi wa kushonea, akaivaa shingoni. "Mwalimu akuje sasa anivue!"

Tukaanza upya, swali la kwanza. Mashine ilitupa majibu yetu ya zamani, na ungeweza kubonyeza Enter, Enter, Enter mpaka mwisho. Tulikataa. Hatukubonyeza Enter tupu hata mahali pamoja. Kila swali nililisoma, na kila jibu tulilitamka.

"Aiee, Mwaitu." Nilijikuta namwita hivyo, Mwaitu, mama yetu, kwa sababu kwa Kikamba neno Madam halikukaa mdomoni.

"Aiee."

"Ĩĩ, Mwaitu."

Kidole kinapanda.

Mahali pengine alisimama akauliza, "Hapa Rodgers alisema nini?" na mimi nikakumbuka, alisema ndio, na wewe ulishusha kidole. Tukasahihisha. Mahali pengine hatukukumbuka, tukaomba yale maelezo marefu ya Kizungu kwa makusudi, Madam akayasoma yote na kututafsiria, tukaamua wenyewe. Tulipofika kwa hesabu Munyiva akaacha mlango akaja kusimama nyuma yetu. Nikasema ĩĩ kwa sauti ambayo labda haikuhitajika. Kidole kikapanda juu mpaka nikaona kucha.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa na umeme ulikuwa wa mgao. Upande wetu ulikuja asubuhi, ukaondoka mchana. Ile ya kona ilianza kupika, mistari ikipanda kioo taratibu kama mchwa kwenye ukuta, na kabla haijafika popote umeme ukaenda. Ijumaa ukarudi, tukaianzisha, na kweli ikaendelea pale ilipoachia. Laban alipita akachungulia.

"Bado imelala?"

"Inapika," nikasema.

"Inapika nini siku mbili? Kwato?"

"Hata kwato huiva, Chairman," Munyiva akasema, na Laban akaenda zake.

Ilimaliza. Madam akaandika kiini kwenye diski, akaivuta, tukaiingiza kwenye ile ya pili iliyokata tamaa. Ikaanza kuguruma. Mistari ya kwanza ikatoka. Na pap, umeme ukaondoka. Chumba kizima kikanyamaza, diski ikiwa ndani.

Munyiva alitukana kwa Kikamba, na Madam hakumkataza.

Jumamosi asubuhi, umeme ukiwa umerudi, wanakamati walijaa kile chumba, na wengine wakasimama dirishani, pale nilipokuwa nikisimama mimi. Laban alikuwa amevaa koti. "Tusipoteze muda," akasema. "Si ile ya kona. Ile ya kona najua ina ubishi. Hii hapa, iliyosema yenyewe imekata tamaa."

Madam akaketi mbele yake. Nikaingiza diski nikabonyeza swichi.

Ikaguruma. Mistari ikaja. Nilikuwa najua mahali penyewe, chini kidogo ya katikati, nikapakazia macho. Ikafika pale. Ikapita. Munyiva akanifinya mkono mpaka ukaniuma.

Kisha ikasimama. Mstari mmoja, na alama ya kuuliza mwishoni.

"Ndiyo hiyo," Laban akasema. "Imekata tamaa tena?"

Madam akasoma. "Hapana. Inasema jana umeme uliikata katikati, kuna mahali pameharibika kidogo. Inauliza kama ipatengeneze."

"Na ukikataa?"

"Itajizima."

"Sasa unangoja nini?" Laban naye alikuwa amesogea mbele, na nadhani kwa wakati ule alisahau yuko upande gani. "Sema ndio!"

"Ndio, Madam!" mzee mmoja wa kamati akasema.

"Ndio! Si useme ndio!" wakaanza wote, hata wa dirishani. Ndio, ndio, ndio, kutoka kila kona, na hao wote ni watu ambao Madam aliwaheshimu. Nikaona kile kidole kinaanza kwenda, na kilikuwa kinaenda chini.

Mimi sijawahi kupaza sauti mbele ya kamati. Mbele ya mtu yeyote, kwa kweli. Nilisimama.

"Ĩĩ, Mwaitu!"

Kuna aliyegeuka kuniangalia kama mtu aliyevunja sahani.

Kidole kilisimama hewani. Kisha kikapanda.

Mashine ikafikiri. Ikaandika mstari, ikaandika mwingine, na mistari ikaanza kushuka yenyewe, mpaka ikafika chini kabisa na kutuomba jina. Madam akaandika jina la kituo chetu. Ikamkaribisha. Akafungua ukurasa, na bila kuangalia vidole akaandika: Kithimani, Jumamosi. Wanakamati wote wapo.

Munyiva hakungoja kuambiwa. Akaichukua diski akazunguka nayo, akiingiza, akingoja, akichomoa, anaenda kwa nyingine. Zilikuwa polepole, sitasema uongo. Mzee mmoja alitoka nje kununua mkate akarudi akaikuta moja bado inaamka. Lakini ziliamka. Hakuna iliyoulizwa ni ya mwaka gani.

"Ni pole pole sana," Laban akasema.

"Hatuna mahali tunakimbilia," nikamjibu.

Akanyoosha mkono. "Leteni hiyo diski." Akaenda ofisini kwake, tukamfuata hadi mlangoni, akaitia kwenye ile yake mpya. Ikawaka, haraka, kama inayosema, kwani hata mimi niliitwa? Laban akaiangalia, akaing'oa diski, akaishika mkononi akiigeuza geuza. Nilifikiri ataiweka mfukoni. Akampa Madam.

"Nilisema mbele ya watu," akasema. "Zibaki. Na hawa wabaki." Halafu, akiwa tayari amegeuka, "Lakini wa Form Four wakija, Madam, itakuwaje?"

"Wakija wataingia," Madam akasema. "Viti viko."

Kamati ilipoondoka nilivuta kiti mbele ya ile iliyokuwa imekata tamaa, nikaitoa vumbi la juu kwa kiganja. Tangu siku hiyo ilikuwa yangu.

Jumatatu tulikuwa tunapiga taipu wakati lori ilisimama barabarani. Dereva akapiga honi. Akangoja, akapiga tena, ndefu. Halafu turnboi, msaidizi wake, akaja mpaka dirishani na mzani wake begani, akachungulia ndani. "Tumeambiwa hapa kuna vyuma. Tupakie?"

Madam Syombua hakuinua macho kwenye kazi yake. Wala sisi hatukuacha kupiga. Hatukupanga, na hakuna aliyehesabu moja mbili tatu, lakini tulimjibu wote pamoja.

"Aiee!"